Mji Ulioyapa Mabonde Kisogo

Ramani ya Mombasa ambayo wengi wetu tunaibeba kichwani ni nyepesi: katikati kisiwa, kulia Nyali kwa daraja, chini Likoni kwa feri, kushoto Makupa na njia ya kwenda Nairobi. Maji yanayotuzunguka ni bahari, na bahari ni bahari. Mimi nimekulia Mikindani, upande wa bara, na maji yaliyokuwa yakionekana chini ya mteremko nyuma ya nyumba yetu sikuwahi kuyauliza yametoka wapi. Yalikuwa yakijaa na kupwa, yana chumvi, yana kaa. Basi.

Kumbe tulikuwa tunakaa kwenye ukingo wa bonde la mto, na bahari ndiyo iliyokuja baadaye.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya maji ya dunia ilipokuwa imeganda kuwa barafu, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa takriban mita 120. Mito iliyoshuka kutoka vilima vya Rabai na nyika ya Uduruma haikuishia pale inapoishia sasa. Iliendelea kushuka, ikachimba mabonde marefu, ikapita pale ambapo feri ya Likoni inavuka leo na pale chini ya Daraja la Nyali, ndipo ikaikuta bahari huko mbele. Barafu ilipoyeyuka, maji yakapanda polepole kwa maelfu ya miaka, yakaingia mabondeni na kuyajaza. Kilichobaki juu ya maji, katikati ya mabonde mawili, ndicho kisiwa cha Mvita. Bonde la kaskazini tunaliita Tudor, na mito inayoliingia ni Kombeni na Tsalu. La kusini ni Kilindini na, ukiingia ndani, Port Reitz. Huko unaingia mto Mwache, na upande wa Kwale Mto Pemba. Mito yenyewe imebaki vijito ambavyo mwezi wa Februari unaweza kuvivuka bila kuvua viatu. Ukisimama Mwache wakati wa kiangazi huamini kwamba ndiye mwenye bandari.

Umbo la mabonde haya nalo lina sababu yake, na hapa naomba subira kidogo kwa sababu mawe ndiyo yaliyonifanya niandike. Kisiwa na ukanda wote wa pwani ni matumbawe ya kale, yaliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko leo, miaka 125,000 hivi iliyopita. Ndilo jiwe lililojengea Mji wa Kale na ambalo ngome ya Fort Jesus imesimama juu yake. Ni gumu, na mito ililipasua kwa shida, kwa hivyo milango ya kuingilia ni myembamba. Lakini ukipita matumbawe na kufika Changamwe, Mikindani na Miritini, jiwe linabadilika. Chini ya miguu sasa kuna mwamba wa tope la zamani lililogandamana, wa enzi za Jurasiki, laini, unaomeguka tabaka tabaka kwa mkono. Ndani yake huwa mnapatikana amonaiti, wale jamaa wa ngisi wenye makombe ya kujiviringa waliotoweka duniani zamani za kale. Katika mwamba huo laini mito ilitanuka ilivyotaka. Ndiyo maana hori zetu, yaani haya mabonde yaliyojaa bahari, zina umbo la mtungi: shingo nyembamba, tumbo pana. Halafu nyuma kabisa, Mazeras na Rabai, unakutana na mchanga uliogeuka jiwe, na ardhi inapanda ghafla kuwa vilima.

Hata mlango wa meli ni kazi ya mito. Matumbawe hayapendi maji ya mvua yenye tope, kwa hivyo mwamba unaoikinga pwani yetu una mapengo pale mito ilipokuwa ikitokea. Bila Mwache na wenzake, hakuna meli kubwa ingetia nanga Kilindini.

Tabaka hizi tatu, matumbawe, udongo laini na vilima vya mchanga, ndizo zilizopanga nani akae wapi. Waliokaa kisiwani walipata visima, samaki na usalama, lakini hawakupata chakula cha kutosha. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 aliandika kwamba kisiwa hiki kina ndizi na ndimu lakini hakilimi nafaka. Nafaka huletwa kutoka bara. Hiyo sentensi moja ya mgeni aliyelala usiku mmoja tu inaeleza miaka mingi ya historia yetu. Mji usiolima lazima uwe na njia ya kuufikia mtama wa wenzake, na njia ilikuwa maji. Si maji ya nje, yale ya jahazi na pepo za kaskazi, ambayo ndiyo tunayapenda kuyasimulia. Ni maji ya ndani, ya mitumbwi.

Ili kuelewa hilo, nenda Jomvu Kuu, na uende kwa maji. Kwa matatu utashuka stendi ya Jomvu, utapanda bodaboda, na utafika ukidhani umefika mwisho wa mahali. Kwa maji utafika ukijua umefika mlangoni.

Mimi nilipelekwa na ami yangu mmoja, mvuvi wa Tudor, katika mtumbwi wake mrefu ambao injini yake huwashwa pale tu upondo unapokuwa haufiki chini. Tuliondoka maji yakianza kujaa. Kwanza unapita chini ya nyumba za kisiwani, na mabomba yanayomwaga ambayo ni afadhali usiyatazame sana. Kisha hori linafunguka, na ghafla hakuna mji. Kuna milolongo ya mikoko pande zote, na kila mti una nafasi yake: mlilana mbele kabisa, miguu majini, nyuma yake mkoko wenye mizizi ya kujikunja, chaza wamejibandika hadi alama ya maji, kisha mkandaa, na huko ndani, panapofikiwa na maji ya bamvua peke yake, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mchu uliochomoza vijiti vyake vya kupumulia juu ya tope. Mvulana mmoja alikuwa ameinama ndani ya mizizi na chuma chenye ndoana, mkono umezama mpaka kwapani, anamtafuta kaa kwenye tundu. Alimvuta mmoja mweusi, akamfunga magando kwa kipande cha kamba ya nailoni, akamtupa kwenye ndoo bila kutuangalia. Kaa wa namna hiyo kwenye hoteli za Nyali ni chakula cha watu wenye pesa.

"Ami, zamani watu walikuwa wakija huku kufanya nini?" nilimuuliza.

"Kufanya nini? Kula, mwanangu. Mji wote ulikuwa ukila kutoka huku."

Hakutaka kuendelea na mazungumzo. Alikuwa anatazama maji. "Leo bamvua. Yakitoka, yatoka yote. Ukitaka kuzungukazunguka utakuja siku nyengine."

Ndipo nilipoona hesabu yenyewe. Maji yakijaa yanakupandisha na mzigo wako kilomita kadhaa ndani ya bara bila jasho. Yakipwa yanakuteremsha mjini. Jomvu Kuu imekaa karibu na pale mkondo unapokata nguvu, mahali mzigo unapotoka kwenye mtumbwi na kuingia kichwani mwa mtu, au kinyume chake. Pale patakuwa na watu tu, hata usipowaweka. Wajomvu ni mmoja wa miji ya Tisa Taifa, katika zile Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, za Waswahili wa Mombasa, na kijiji chao ni cha kale. Nyuma yao, juu vilimani, wako Warabai, wenzao wa Mijikenda, katika kaya zao, yaani makazi ya kale ya msituni. Nafaka, nazi, sandarusi na pembe za ndovu zilishuka. Nguo, ushanga na chumvi zikapanda. Hivyo hivyo upande wa kusini: Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, yaani Thelatha Taifa, walikuwa na maelewano yao na Wadigo na Waduruma. Haikuwa biashara ya mnunuzi na muuzaji tu. Walikuwa na ahadi, wakaoana, wakasaidiana vitani, na wakagombana pia kama watu wanaohitajiana wanavyogombana.

Huwa naudhika nikisikia historia ya Mombasa ikielezwa kama habari ya watu waliotoka baharini peke yao: Waarabu, Wareno, Waingereza, meli baada ya meli. Kaya za Mijikenda, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, huelezwa kando, kama hadithi ya watu wengine wa msituni. Lakini kaya na mji vilikuwa ncha mbili za bonde moja. Simama Rabai asubuhi isiyo na ukungu, utazame chini: unaona hori lote mpaka kisiwani. Waliochagua pale walijua wanachoangalia.

Mmisionari Ludwig Krapf naye alipofika Mombasa mwaka 1844 hakukawia kulielewa bonde. Mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huo huo na kuzikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, akahamia Rabai. Kutoka kilima hicho Rebmann alifunga safari iliyomfikisha kuiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, habari ambayo wasomi wa London walimcheka nayo kwa miaka. Baadaye Rabai ikawa kimbilio. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipanda bonde wakajificha misheni, na mabwana zao wakaja kuwadai. Ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwanzoni mwa mwaka 1889 George Mackenzie wa ile Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa wenye kudai ili watoro zaidi ya 1,400 wapewe hati za uhuru. Huku chini, kwenye mdomo wa bonde hilo hilo, misheni ilikuwa imeanzisha Freretown kwa ajili ya waliokombolewa kutoka majahazini. Bonde moja, kijiji cha walioachwa huru mlangoni, kijiji cha waliojiacha huru wenyewe kileleni.

Kuna mahali pamoja ambapo mabonde haya mawili yanakaribia kugusana, nyuma ya kisiwa: Makupa. Zamani maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliokuwa wakipanda pwani kutoka kusini, walisimama ng'ambo hiyo na kuzuiwa na vyombo vya Waturuki vilivyokuwa vikilinda kivuko. Wareno walipoviteketeza vyombo hivyo, Wazimba wakavuka, na kilichowapata watu wa kisiwani hakisimuliki. Wareno walijifunza. Walipojenga Fort Jesus kuanzia 1593 hawakusahau kuweka vijingome Makupa. Ngome kubwa inatazama bahari, na ndiyo inayopigwa picha. Vile vidogo vilitazama kivuko ambacho mtoto angeweza kukipita.

Kisha ikaja reli, na hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Reli ilianza kujengwa kutoka Kilindini mwaka 1896. Wahandisi walitaka njia ya kupanda bila kuvuka mito mingi, na njia hiyo ipo: mgongo wa ardhi uliosimama kati ya bonde la Tudor na bonde la Port Reitz. Ukivuka Makupa unapanda Changamwe, unafuata mgongo mpaka Miritini, unafika Mazeras, na muda wote huo mabonde yako kushoto na kulia kwako, chini. Barabara ya Nairobi ikafuata mgongo huo huo. Treni ya kisasa iliyoanza mwaka 2017 nayo stesheni yake iko Miritini. Kwa mhandisi ni uamuzi mzuri, na mimi ningefanya vilevile. Ila tangu siku hiyo mzigo haukuhitaji tena maji kujaa. Jomvu Kuu, iliyokuwa mlango, ikawa uani.

Hilo unaliona mpaka kwenye namna nyumba zilivyojengwa. Mikindani yetu, Magongo, Chaani, Miritini, zote zinatazama barabara. Maduka mbele, ukumbi mbele, geti mbele. Nyuma ni choo, karo, banda la kuku, takataka, kisha mteremko, kisha mikoko. Kiwanja cha barabarani ni ghali. Unavyoteremka bei inashuka, mpaka mwisho unakutana na mabati ya wale wasioweza kulipa popote pengine, wamejenga palipofikiwa na maji ya bamvua. Moroto, kule Tudor, ni hivyo hivyo. Kibarani, palipokuwa jaa la mji kwa miaka mingi hadi lilipofungwa 2018, ni ukingo wa hori. Pale Makupa, kivuko cha Wazimba kilijazwa mawe na kuwa tuta la barabara, maji yakawa hayapiti. Daraja jipya la 2022 ndilo lililoyafungulia tena. Hiyo ni kazi nzuri, niseme ukweli, na haikusifiwa inavyostahili.

Udongo nao haukusahau. Ule mwamba laini wa Mikindani ukioza unakuwa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nyumba yetu ilijengwa na fundi aliyezoea kisiwani, ambako ukichimba futi mbili unagonga jiwe na kazi imekwisha. Akachimba futi mbili. Mwaka wa tatu ukuta wa jikoni ulifanya ufa kutoka dirishani hadi chini, ukaingiza kidole. Mama akaupiga plasta kabla ya Idi. Masika yalipoingia, ufa ukarudi pale pale. Mzee mmoja wa Kirabai aliyekuwa akituletea nazi aliutazama akasema huku watu walikuwa wakijenga kwa miti na udongo, na nyumba ikijipinda unaipinda tena. Mama hakufurahishwa na ushauri huo.

Mvua kubwa ndizo huwakumbusha watu kwamba mito ipo. Kwa kawaida Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote. Lakini El Nino ya 1997 na 1998 ilikuwa jambo jingine: Mwache alishuka na udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka mitoni na malisho yaliyobaki uchi, akaumwaga ndani ya hori. Tope lilifunika vile vijiti vya kupumulia vya mikoko, miti ikakosa pumzi, na sehemu kubwa ya msitu ikafa imesimama. Tudor nayo ilipata sehemu yake. Aliyekata mti Kinango, huko juu mtoni, hakumjua mvuvi wa Tsunza, huku chini kwenye hori, na mvuvi hakumjua yeye, lakini udongo uliwajua wote wawili.

Ajabu ni kwamba mji wenye mabonde mawili hauna maji ya kunywa. Maji ya mfereji tunayoyapata, siku tunayoyapata, yanatoka mabonde ya watu wengine: Mzima, chemchemi inayolishwa na mvua iliyopenya miamba ya Chyulu, ambayo bomba lake lilifika mwaka 1957; Marere, huko Shimba; visima vya Tiwi; na Baricho, visima vilivyochimbwa kando ya Sabaki. Sabaki ni mwisho wa mto Athi, ambao mito ya Nairobi huingia. Sisi wa pwani huwa hatupendi kulifikiria hilo sana. Tunashukuru kwamba mchanga wa Baricho ni chujio zuri. Siku nyingine zote ni mkokoteni, mitungi ya lita ishirini, na kelele ya "maji! maji!" saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa bwawa linajengwa juu ya Mwache, Kinango, na mpango ni kuchota humo lita milioni 186 kila siku, nyingi zije Mombasa. Mimi naliunga mkono, kwa sababu nimebeba mitungi. Lakini swali langu si la zege, ni la tope. Mto uliofukia msitu wa mikoko kwa msimu mmoja hautaacha kubeba udongo kwa sababu umewekewa ukuta. Utaubwaga ndani ya bwawa. Wenye mradi wanalijua hilo, ndiyo maana kuna bwawa dogo la kunasa tope huko juu, na kuna habari ya kupanda miti na kuzuia mmomonyoko kwa wakulima. Hiyo sehemu ya mwisho, ya wakulima, ndiyo ningependa isifanywe kwa haraka wala kwa semina za hotelini.

Na bonde la kusini limeanza kupata uso tena. Barabara ya Dongo Kundu, iliyofunguliwa yote mwaka 2024, inatoka Miritini, inavuka maji ya Mwache na Mteza kwa madaraja, la Mteza peke yake likipita kilomita moja, na kutokea Kibundani, pwani ya kusini, bila kugusa feri. Wale tuliokua tukisikia habari za Mtongwe, ambako watu 272 walikufa maji feri ilipozama tarehe 29 Aprili 1994, tunajua uzito wa kuvuka bila kuomba dua. Ukipita juu ya madaraja hayo jioni, kwa mara ya kwanza unaliona bonde kutoka juu, lote, na mitumbwi ya Tsunza chini.

Madalali wameliona pia. Juzi mmoja alinipigia simu kuhusu kiwanja upande wa Tsunza, hamsini kwa mia, bei ya kutupa, "kinaona bahari, bosi, na barabara hiyo hapo." Nikamuuliza mvua ikinyesha Kinango maji hupita wapi. Akanijibu kwamba hati iko safi. Nikamuuliza tena, akasema niende mwezi huu nikakione kabla mtu mwingine hajakichukua, njia ni kavu kabisa. Nimemwambia nitakwenda mwezi wa Mei.